Namna ya kuutambua mshubiri mdogo wa nyasini na mahali unapoota

Mshubiri wa nyasini wa kwanza maishani mwangu niliugundua kwa kidole, si kwa macho. Nilikuwa nimeketi kando ya mwamba kwenye mteremko mmoja wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, nimechoka, mkono mmoja nimeuegemeza juu ya kishungi cha majani. Nilipouondoa, jani moja likanikwaruza kidogo, mkwaruzo laini kama ulimi wa paka. Nyasi hukata, hazikwaruzi hivyo. Nikainama, nikaona ukingo wa jani umepangwa vijino vyeupe, na chini karibu na udongo madoadoa meupe. Asubuhi nzima nilikuwa nikitafuta mishubiri huku nikiikanyaga.

Kinachotuponza ni picha tuliyo nayo kichwani. Ukitaja mshubiri, mtu anaona majani manene, miiba, shuke refu jekundu, na utomvu ule uliotupa msemo wa "chungu kama shubiri". Jenasi ya Aloe ina spishi zaidi ya 500, na kundi moja ndani yake limeshika njia nyingine kabisa: limekonda, limejificha ndani ya nyasi, na sehemu kubwa ya uhai wake iko chini ya ardhi. Kitovu cha kundi hilo ni nyanda za nyasi za mashariki mwa Afrika Kusini, pamoja na Eswatini na Lesotho. Spishi chache zimepanda kaskazini. Aloe nuttii, ambayo ni kubwa kidogo, inaota Malawi, Zambia na kusini mwa Tanzania. Aloe myriacantha, ambayo ni ndogo, inaanzia Rasi ya Mashariki huko Afrika Kusini na kufika hadi Kenya na Uganda. Hiyo ndiyo nitakayoitumia kama kipimo katika mwongozo huu, kisha nitaonyesha inavyotofautiana na wenzake.

Vifaa ni vichache: lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi, rula fupi, simu yenye kamera na daftari. Jembe liache nyumbani.

Hatua ya kwanza: tafuta udongo kabla ya kutafuta mmea

Mmea wenye majani ya sentimita 20 hauwezi kushindana na nyasi zinazofika kiunoni. Kwa hiyo uliza kwanza: hapa nyasi zinabaki fupi wapi, na kwa nini? Jibu la kawaida ni pale mwamba ulipo karibu na uso wa ardhi. Udongo wa kina cha kiganja hushika maji wakati wa mvua, kisha hukauka haraka, na nyasi ndefu hazipendi mahali pa namna hiyo. Ukiona jiwe limechomoza kidogo kama mgongo wa kiboko majini, zunguka ukingo wake. Ile hatua moja au mbili baina ya jiwe tupu na nyasi nene ndiyo ya kukagua. Kagua pia nyufa zilizojaa udongo, na vijukwaa vidogo kwenye mteremko ambapo mchanga umejikusanya.

La pili ni umri wa uwanda wenyewe. Mishubiri hii ni mimea ya nyanda ambazo hazijawahi kupitiwa na plau. Ardhi ikilimwa mara moja kisha ikaachwa, nyasi zitarudi, lakini mimea yenye viungo vya chini ya ardhi haitarudi upesi. Kutofautisha si vigumu. Uwanda wa kale una mchanganyiko: Themeda triandra na nyasi nyingine nyingi, na katikati yake maua ya kila namna yanayochipuka kutoka kwenye matunguu na mizizi minene. Shamba lililotelekezwa, kinyume chake, mara nyingi limetawaliwa na aina moja ya nyasi ndefu, kama vile Hyparrhenia hirta huko Afrika Kusini. Ukijikuta katikati ya Hyparrhenia peke yake, usipoteze saa yako hapo. Vivyo hivyo chini ya misindano na mikaratusi: kivuli chake kimeua nyasi, na kilichoishi na nyasi kimekwenda nazo. Mashamba ya miti, ya miwa na ya mazao mengine ndiyo yaliyomeza sehemu kubwa ya makao ya mishubiri hii, kuliko hata wachimbaji wa mimea.

La tatu ni moto, na hapa wengi hushangaa. Nyanda hizi huungua wakati wa kiangazi, na mshubiri wa nyasini umezoea. Shina lake halionekani, kichipukizi kimezikwa salama, na mizizi ya spishi nyingi imevimba katikati mithili ya pia, imejaa akiba. Moto ukipita, majani huteketea na mmea huchipua upya mahali pakiwa wazi. Aloe kniphofioides inajulikana kwa kutoa maua uwanda ukishaungua. Uwanda usioungua wala kulishwa kwa miaka mingi hujaa nyasi zilizokufa zikiwa zimesimama, na mmea mdogo hukosa jua. Kwa hiyo usiukwepe mteremko mweusi wenye majivu. Huo ndio wa kurudia wiki chache baada ya mvua ya kwanza.

Je, mahali penye majimaji? Aloe cooperi inaota kwenye vinamasi na pia kwenye miteremko ya mawe, kwa hiyo kinamasi si cha kupuuza. Ila kwa ile midogo kabisa, mimi huanzia kwenye mawe.

Hatua ya pili: pata wakati wake

Kusini mwa Afrika mvua za nyanda hizi huanza karibu na Oktoba na kuisha karibu na Aprili. Kuanzia Juni hadi Agosti majani ya spishi nyingi hukauka, na unaweza kusimama juu ya mmea bila kujua. Spishi kubwa kubwa hutangulia: Aloe ecklonis hutoa maua kuanzia Novemba hivi, Aloe cooperi hufuata kati ya Desemba na Machi. Aloe myriacantha na wadogo wenzake huchelewa, wengi wakisubiri Februari hadi Aprili.

Uone mtego ulipo. Wakati majani ya mshubiri mdogo yanaonekana vizuri, mwanzoni mwa mvua nyasi zikiwa fupi, hauna ua. Wakati una ua, nyasi zimeshakuwa ndefu. Ndiyo maana nakushauri kwenda mara mbili: safari ya kwanza kutafuta majani na kuweka alama, ya pili kusoma ua. Afrika Mashariki usiifuate kalenda hii ya kusini. Huko fuata mvua, si jina la mwezi.

Saa pia ina maana. Jua likiwa chini, asubuhi au alasiri, mwanga unaokuja ubavuni hushika kwenye vile vijino vyeupe, na kingo za majani huonekana kama zimechorwa kwa chaki.

Hatua ya tatu: piga magoti, soma jani

Nasema piga magoti kwa maana yake halisi. Ukiwa umesimama hutaona lolote kati ya haya.

Shika jani katikati kwa vidole viwili bila kulivuta. Jani la nyasi ni karatasi: unahisi mishipa yake na ukingo wake mkali. Jani la mshubiri lina mwili, kama ukanda wa ngozi uliolowa, na likikunjwa kidogo hurudi taratibu. Upande wa juu limebonyea kama mfereji, upande wa chini limefura. Katika Aloe myriacantha jani lina upana wa milimita 8 hadi 10 na urefu usiozidi sentimita 25 hivi, na mmea mmoja huwa na majani machache tu, si kichaka.

Sasa telezesha ukucha pole pole kwenye ukingo, kutoka ncha kwenda chini. Karibu na ncha hakuna kitu, au kuna kidogo. Kadiri unavyoshuka, vijino vinaongezeka. Weka lenzi: ni vyeupe, laini, vifupi kuliko milimita moja au vinavyoikaribia, vimepangwa vikisongamana kuelekea chini. Hivyo ndivyo vilivyoipa spishi hii jina lake, kwani myriacantha kwa Kigiriki ni yenye miiba isiyo na idadi. Jina kubwa kwa miiba isiyoweza hata kumtoboa mtoto.

Geuza jani taratibu uone mgongo wake. Theluthi ya chini ina madoa meupe, mengi zaidi karibu na udongo. Pitisha kidole juu yake. Madoa mengine ni rangi tu, bapa. Mengine yameinuka kama vipele, na katika Aloe parviflora vipele hivyo hubeba vimiiba vidogo. Tofauti hii ya rangi na kipele iandike mara moja, kwa sababu picha ya simu mara nyingi haiionyeshi.

Mwisho, pale chini kabisa. Sogeza udongo uliolegea kwa kidole, sentimita moja tu, uone misingi ya majani inavyopanuka na kukumbatiana hadi kutengeneza uvimbe kama tunguu. Ukishauona, rudisha udongo na uushindilie kidogo. Huna haja ya kwenda zaidi. Nimeona mashimo ya watu waliotaka "kuhakikisha tunguu", na kando ya shimo mmea umelala, umekauka, bado una lebo ya karatasi.

Mpangilio wa majani nao unasema jambo: je, yamepangwa safu mbili zinazotazamana kama upepeo wa jikoni, au yamezunguka pande zote? Ila kuwa mwangalifu. Miche ya mishubiri mingi, hata ile itakayokuja kuwa mikubwa, huanza maisha yake na majani ya safu mbili. Mmea mdogo wa safu mbili usio na ua wala mabaki ya bua la ua la mwaka jana unaweza kuwa mtoto wa spishi nyingine kabisa.

Hatua ya nne: waondoe wanaofanana

Mmea wa jenasi ya Kniphofia ndio hudanganya zaidi, na hata jina la Aloe kniphofioides linakiri kufanana huko. Majani ya Kniphofia ni marefu, yana nyuzi nyingi, hayana mwili wa majimaji wala madoa meupe.

Bulbine ina majani manene ya kukudanganya, lakini ua lake ni nyota ya njano iliyofunguka, na vishikio vya chavua vyake vina manyoya. Ukiona manyoya hayo umemaliza kazi: si mshubiri. Hypoxis nayo ina nyota za njano, na majani yake yamejipanga safu tatu yakiwa na nywele.

Chortolirion ni jamaa wa karibu sana, kiasi kwamba baadhi ya wataalamu wameitia ndani ya Aloe. Ina majani membamba kama nyasi na tunguu la kweli. Tazama ua: ni jeupe lenye mistari, limechanuka midomo miwili, na maua yametawanyika kwenye bua jembamba badala ya kujikusanya kileleni.

Hatua ya tano: soma ua, na usianze na rangi

Kila mtu huanza na rangi, na rangi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Aloe ecklonis peke yake inaweza kuwa ya njano, ya rangi ya chungwa au nyekundu. Anza na umbo.

Bua la mshubiri mdogo wa nyasini halina matawi. Maua yamejikusanya juu kama kichwa kifupi. Kila ua ni mrija wa vipande sita. Chukua rula, isogeze kando ya ua bila kulichuma, upime kutoka linapoanzia hadi mdomoni. Katika Aloe myriacantha utapata karibu milimita 20.

Kisha litazame ubavuni. Mishubiri mingi ina mrija ulionyooka na mdomo wa mviringo. Mdomo wa Aloe myriacantha umegeukia juu, na vipande vimeachana kuwa midomo miwili, kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Alama hii ndiyo iliyowachanganya hata wakubwa wa fani: mwaka 1827 Adrian Haworth aliuweka mmea huu katika jenasi ya Bowiea, iliyopewa jina la James Bowie, mkusanyaji wa mimea wa bustani za Kew, kabla haujahamishiwa Aloe. Leo jina Bowiea limekwenda kwa mmea mwingine kabisa, ule wa tunguu kubwa lililokaa juu ya udongo na shina linalopanda na kujisokota.

Rangi sasa unaweza kuiandika: waridi iliyofifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, wakati mwingine karibu nyeupe, yenye mistari ya kijani. Kama una subira, kaa mbali kidogo uone nani anakuja. Maua makubwa yenye mrija mrefu huvutia ndege aitwaye chozi. Madogo ni ya wadudu, nyuki hasa.

Hatua ya sita: ni upi kati ya wadogo?

Hapa mdomo wa ua na vipimo ndivyo hufanya kazi.

Ua la waridi hafifu, fupi, karibu nusu ya ukubwa niliotaja, lisilo na midomo miwili, na majani yenye upana usiofika milimita 8: fikiria Aloe minima. Mfano huohuo lakini wenye vipele vyenye vimiiba chini ya jani: Aloe parviflora. Majani mafupi kama kidole, membamba kama kamba, yakitokea kwenye mawe katika eneo la Nkandla: huenda umeifikia Aloe saundersiae, mojawapo ya mishubiri midogo kuliko yote, na hapo weka kalamu chini uangalie pa kukanyaga.

Ua jeupe safi lenye midomo miwili, kwenye milima ya ukungu ya Barberton au upande wa pili wa mpaka huko Eswatini, ni Aloe albida. Ua la njano huondoa myriacantha moja kwa moja: majani membamba kama utepe yanaelekeza kwa Aloe linearifolia, mapana zaidi yakiwa safu mbili yanaelekeza kwa Aloe kraussii. Jani lililokunjwa katikati kama herufi V, mgongo mkali kama mkuku wa dau, ni Aloe cooperi, na hiyo si ndogo. Wazulu hupika maua na machipukizi yake kama mboga, jambo ambalo lingemshangaza anayekijua kikombe cha shubiri. Wewe usionje mmea ambao bado unautambua.

Halafu ipo Aloe inconspicua, ambayo ilitangazwa kuwa spishi mwaka 1986 tu, ingawa inaota KwaZulu-Natal ambako wataalamu walikuwa wamepita kwa zaidi ya karne. Ukiona shuke lake utaelewa. Ni la kijani-kijani, fupi, maua yamekaa bila vikonyo, na kati ya nyasi linasomeka kama shuke la nyasi. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba huchavushwa na wadudu peke yao, ikawa ya kwanza miongoni mwa mishubiri kuthibitishwa hivyo. Kuitafuta kwa macho ya rangi ni kazi bure.

Hatua ya saba: rekodi, kisha uuache

Picha sita zinatosha: mmea mzima ukiwa na rula kando, msingi wa majani, mgongo wa jani, ukingo kupitia lenzi, ua kwa ubavu, na mahali penyewe ukiwa umerudi nyuma hatua kumi. Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau, nayo ndiyo inayomwambia mtaalamu kama ni uwanda wa kale au shamba lililotelekezwa. Daftarini andika tarehe, mwinuko, mteremko unaelekea wapi, aina ya mwamba, urefu wa nyasi, na dalili za moto.

Mahali hasa pafiche. Spishi nyingine zina makao machache mno, na wachimbaji wa mimea wanajua kusoma ramani. Ukituma iNaturalist, jukwaa hilo huficha lenyewe mahali pa spishi zinazotambuliwa kuwa hatarini, lakini kama jina bado huna uhakika nalo, ficha wewe mwenyewe. Mishubiri yote isipokuwa Aloe vera imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na Aloe albida pamoja na Aloe vossii zimo katika Orodha ya I, ile kali kuliko zote. Kwa utambuzi wa hakika, peleka picha kwa SANBI, taasisi ya taifa ya bioanuwai, ikiwa uko Afrika Kusini, au kwenye hebaria (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ikiwa mmea ni wa upande wetu. Wao ndio watakaosema kama sampuli inahitajika, na nani ana kibali cha kuichukua.

Kama umekuta majani bila ua, andika tu "Aloe, kundi la nyasini" na uishie hapo. Usichomeke kijiti, kitaungua au kuondolewa na ng'ombe. Chagua mawe mawili yasiyohamishika, pima hatua kutoka kila moja hadi kwenye mmea, uchore mchoro. Mimi mteremko ule nilirudi Machi, nikahesabu hatua 9 kutoka mwamba mrefu na 4 kutoka ule uliopasuka, nikapiga magoti palepale. Nyasi zilikuwa zimefika gotini. Ilinichukua dakika nyingine kumi kuliona ua.